Kitabu cha Mwaka Mmoja

Athanas alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa pamba upande wa Maganzo, mahali ambapo ukipanda kichuguu unaiona seng'enge ya mgodi wa Mwadui. Mpaka alipofika miaka ishirini na mitano hakuwahi kulala mbali na zizi la baba yake. Kilichomtoa huko ni ukatekista. Alisoma miaka miwili katika shule ya makatekista, akafundishwa kuongoza sala, kuzika, kubatiza mtoto mahututi, na kusoma mbele ya watu bila sauti kutetemeka. Akafundishwa na jambo moja zaidi, ambalo mwalimu wake, padre mzee wa kizungu, alilirudia mpaka likamkaa kichwani kama jina lake mwenyewe.

"Athanas, wewe si mwenye Neno. Wewe ni mdomo tu. Soma kilichopangwa siku hiyo. Usiongeze, usipunguze."

Mwaka 1978 parokia ilimpeleka Iponyamabwe, machimbo ya dhahabu yaliyokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Runzewe. Alikwenda na mkewe Limi na mtoto wao Valerian. Walikuta vibanda vya miti na nyasi vimesimama ovyo kati ya mashimo ambayo wachimbaji waliyaita maduara, na watu wa kila namna: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, na Waswahili wachache wa mjini wenye maduka. Hakuna aliyejenga nyumba ya kudumu. Mtu alikuwa jirani yako leo, kesho ukasikia kahamia kwingine kwa sababu huko wamepata mawe.

Paroko, Padre Donatus, alimkabidhi Athanas msalaba wa mbao, kengele ndogo, na kitabu cha masomo ya Dominika, yaani Jumapili. Masomo ya kanisani yalikuwa yamegawanywa kwa miaka mitatu. Mwaka A husomwa zaidi Injili ya Matayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, kisha mzunguko unaanza upya. Kila mwaka una kitabu chake.

"Kilichopo ni hiki cha Mwaka B," padre alisema. "Vile viwili vitakufuata."

Havikumfuata. Barabara ilikuwa mbaya, mafuta ya gari hayakupatikana, na padre mwenyewe alifika Iponyamabwe mara tatu tu kwa mwaka. Mwaka B ulipokwisha, Athanas alifungua ukurasa wa kwanza akaanza tena. Mwaka uliofuata hivyo hivyo.

Ni kweli kwamba ndani ya sanduku la nguo alikuwa na Agano Jipya zima, zawadi aliyopewa siku ya kumaliza mafunzo. Alilisoma mwenyewe, peke yake. Kanisani hakulipeleka. Na hii haikuwa utii mtupu. Mwezi wake wa pili pale, alibishana Maandiko na mhubiri mmoja msafiri mbele ya hoteli, watu wamewazunguka. Mhubiri alimtajia mstari ambao Athanas hakuwahi kuusikia, akamwuliza unasemaje. Athanas akababaika, umati ukacheka, na kicheko kile kilimfuata mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alikishika kitabu cha Dominika kama mtu aliyeshika ukuta gizani. Humo hakuna atakayemwuliza asichokijua.

Basi wakristo wa Iponyamabwe wakalelewa na Marko. Walimjua Yesu ambaye hakai mahali. Leo yuko ng'ambo hii ya ziwa, kesho ng'ambo ile. Hajamaliza kula, watu wamejaa mlangoni. Dhoruba inavuma naye amelala chomboni, wenzake wanamwamsha wakipiga kelele. Wachimbaji walimpenda. "Huyu ni mwenzetu," walisema. "Hana kwao." Maneno aliyoiambia dhoruba ile waliyageuza kuwa sala. Kabla ya kushuka, mtu alipiga ukingo wa duara kwa kiganja akaiambia ardhi itulie.

Hata Athanas walimfundisha. Ile habari ya mtu aliyepooza, ambaye rafiki zake wanne walitoboa dari wakamteremsha kwa kamba, yeye alikuwa ameisikia tangu utoto. Kwao Maganzo ilikuwa habari ya msamaha wa dhambi, ndivyo ilivyohubiriwa. Alipoisoma Iponyamabwe mwezi wa pili mwaka 1979, watu hawakuuliza habari ya dhambi. Waliuliza kamba ilikuwa ya nini, katani au ngozi, na wale wanne walisimama vipi ili mgonjwa asiinamie upande mmoja.

Wiki tatu baadaye mvua kubwa ilibomoa duara, mchimbaji mmoja akabaki chini. Aliitwa Maganga, kijana wa miaka ishirini na mitano, mkimya, aliyetoka upande ule ule wa Maganzo alikotoka Athanas. Wenzake walichimba tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama. Walipompata, mguu ulikuwa umevunjika, hawezi kushika kamba. Ndipo mmoja akapaza sauti, "Wanne! Kama wale wa Marko!" Watu wanne wakasimama pembe nne, wakavuta kwa mwendo mmoja, na Maganga akapanda juu amelala sawasawa juu ya mbao, uso umejaa udongo. Athanas alikuwa pembeni, msalaba mkononi, hana la kufanya. Alijiona ameisikia habari ile maisha yake yote bila kuona kamba.

Mguu ulipounga, Maganga alianza mafundisho. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1981, akawa mtu wa benchi la mbele. Lakini alikuwa na jambo moja la ajabu. Kila Oktoba, siku ya ile Injili ya tajiri anayemwuliza Yesu afanye nini apate uzima, Maganga alinyanyuka katikati ya somo akatoka nje. Oktoba nne mfululizo. Athanas alidhani anakwenda kuvuta sigara, na lilimkera kidogo, lakini hakumwuliza.

Mwezi wa pili mwaka 1983, Padre Donatus alifika na kitabu cha Mwaka C kimefungwa kwenye gazeti. Athanas alikipokea kwa mikono miwili. Alijisikia kama mtu aliyeongezewa chumba.

Dominika ya nne ya Kwaresima, tarehe kumi na tatu Machi, alifungua ukurasa wa siku hiyo. Ilikuwa habari ya baba mwenye wana wawili. Mdogo akadai urithi wake, akaenda nchi ya mbali, akautapanya, akaishia kuchunga nguruwe, akaamua kurudi. Yeye aliijua kwa moyo. Hawa hawakuijua. Aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kanisani: watu wanasikiliza kwa kutaka kujua itakuwaje. Akina mama waliacha kubembeleza watoto. Baba alipomwona mwanawe angali mbali akatoka mbio kumlaki, mtu mmoja nyuma aliguna kwa sauti, "Mzee mzima anakimbia?"

Alipomaliza, kabla watu hawajaitikia, Maganga alisimama.

"Mwalimu, hiyo imetoka wapi?"

"Ni Injili ya Luka."

"Luka ameandika lini? Juzi?"

Watu wakacheka. Maganga hakucheka.

"Zamani, ndugu yangu. Zama zile zile za Marko."

"Na wewe ulikuwa unaijua?"

Athanas alitazama kitabu, akatazama watu. "Tuendelee na ibada, tafadhali."

Maganga alivaa kofia yake humo humo ndani ya kanisa, akatoka.

Alasiri alikuja nyumbani. Limi alikuwa amekaa mlangoni anachambua kunde.

"Shikamoo, Mama Valerian."

"Marahaba, baba. Karibu ndani, yumo."

Athanas alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Maganga hakukaa.

"Nilimwibia baba yangu ng'ombe sita," alisema. "Mwaka sabini na saba. Walikuwa wametengwa kwa ajili ya mahari ya kaka yangu, Nkwabi. Niliwaswaga alfajiri nikawauza mnadani, nikaja huku. Wewe kila Oktoba unasoma, waheshimu baba yako na mama yako. Nikisikia hapo natoka. Wenzangu wananiambia baki, mbele kuna maneno mazuri, kwamba aliyeacha nyumba na baba na ndugu kwa ajili ya Yesu atalipwa mara mia. Mimi sikuacha kwa ajili ya Yesu. Niliacha kwa ajili ya ng'ombe sita. Nikajua yule anayesemwa pale si mimi. Kwa mtu kama mimi kitabu hakina neno."

"Maganga..."

"Kumbe kilikuwa nalo. Miaka yote. Ulikuwa umeliweka wapi?"

Athanas angeweza kumwambia habari ya barabara na mafuta, na kila neno lingekuwa kweli. Badala yake alikwenda kwenye sanduku, akainua nguo, akatoa Agano Jipya akaliweka mezani. Kwa nini alifanya hivyo haijulikani. Hata yeye mwenyewe hakuweza kueleza baadaye. Maganga alilitazama. Hakujua kusoma, lakini alijua kitabu kilichokaa muda mrefu sandukuni kinavyonuka.

"Humu imo?"

"Imo."

Maganga aliondoka bila kuaga.

Limi aliingia na ungo wake. Alikuwa amesikia yote, nyumba ya nyasi haifichi kitu.

"Baba Valerian, ulimwogopa nani?"

"Si kuogopa. Kuna mpangilio. Kanisa limepanga mtu asikie yote, pole pole, kwa miaka mitatu."

"Mpangilio huo ni wa watu wenye vitabu vitatu," Limi alisema. "Wewe ulikuwa na kimoja."

Jumatatu Athanas hakwenda shamba. Alizunguka machimboni kama mtu aliyepoteza mbuzi, akisimama kwenye maduara, akipewa salamu hii anaitikia nyingine. Kwa kila mtu aliyemtazama, Athanas alijiuliza: huyu naye hutoka nje kwenye somo gani? Ni ukurasa gani huyu anausubiri, na mimi sijui? Jioni alikwenda kibandani kwa Maganga, akamkuta anafunga mzigo.

"Nakwenda na wewe," Athanas alisema.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Lakini nakwenda."

Walikaa Runzewe siku mbili wakisubiri lori la Salehe, mfanyabiashara aliyepeleka chumvi na khanga kila alipopata dizeli. Salehe aliwaonea huruma akawaambia wakae kibarazani kwake wanywe uji, lakini Athanas alikuwa hakai. Kila mlio wa injini alikuwa barabarani. Siku ya tatu wakapata nafasi juu ya magunia. Walilala Kahama, wakabadilisha gari Shinyanga, na kesho yake mchana wakashuka Maganzo, ambako wanaume wanaouza almasi husimama kando ya njia hawasemi kitu, wanakupima kwa macho tu. Kutoka pale walitembea. Maganga alichechemea na mguu wake uliounga vibaya. Kadiri walivyokaribia, ndivyo alivyotembea pole pole, na Athanas ndivyo alivyokazana, mpaka ikawa mgeni yuko mbele na mwenyeji nyuma.

Kaya ilizungushiwa minyaa. Mama mzee alikuwa anafagia. Aliinua uso, akamtazama Maganga, ufagio ukamtoka mkononi.

"Ng'wana wane," alisema kwa Kisukuma. Mwanangu. Alimshika mashavu, akampapasa mabega kama anayenunua mnyama, akagundua mguu, akaanza kulia. Kisha, kabla hajaulizwa, akasema, "Baba yako hayupo."

Alikuwa amekufa mwezi wa nane mwaka 1981. Athanas alihesabu bila kutaka. Miezi minne baada ya ubatizo wa Maganga. Miezi minne ambayo kitabu kilikuwa sandukuni chini ya nguo.

Maganga naye alikuwa amehesabu. Alimgeukia Athanas akamtazama mara moja tu.

Nkwabi alirudi na ng'ombe jua likiwa chini. Alikuwa mwanaume mrefu wa miaka arobaini hivi, fimbo begani. Alimwona mdogo wake, akapita. Aliingiza ng'ombe zizini, akafunga miti ya mlango mmoja mmoja bila haraka, ndipo akaja.

"Umerudi."

"Nimerudi, kaka. Shikamoo."

Nkwabi hakuitikia. Akamgeukia Athanas. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni katekista wake. Mtu wa huku huku, nyumbani kwetu ni hapo ng'ambo ya mto. Nimekuja kumsemea."

"Basi sema."

Athanas alikuwa amebeba Agano Jipya. Hakuwa na hotuba. Alifungua pale pale kwa Luka akasoma, na alipoanza tu, sauti yake ikawa ile ya kanisani, ya kunyanyuka na kushuka, akasimama wima bila kukusudia. Mama mzee alikunja mikono. Nkwabi, ambaye hakuwa mkristo wala hakuwahi kuingia kanisani, alisikiliza akiwa amechuchumaa, anachora chini kwa ncha ya fimbo. Athanas alisoma mpaka mwisho, mpaka pale mkubwa anaposimama nje na baba yake anatoka kumsihi.

"Aliingia?" Nkwabi aliuliza.

"Nani?"

"Yule mkubwa. Aliingia ndani?"

"Kitabu hakisemi."

Nkwabi alitikisa kichwa pole pole. "Nikuulize, mwalimu. Baba alikwisha kugawa mali. Mdogo alichukua yake, akaondoka. Waliobaki zizini wakawa wa nani?"

"Wa mkubwa."

"Na yule ndama aliyenona alitoka zizi gani?"

Athanas alirudi nyuma ukurasa, akapitisha kidole akimtafuta yule ndama.

"Walimchinja ndama wake," Nkwabi alisema. "Wakapiga na ngoma. Yeye yuko shambani, hakuna aliyetumwa kumwita. Kaisikia ngoma kama mpita njia, kauliza mtumishi, huko kwetu kuna nini? Hiyo wewe unaisoma kila mara kama wimbo mzuri?"

Athanas alikuwa ameisikia habari ile tangu utoto, kila mwaka wake ulipofika. Sikuzote Kwaresima, vitambaa vya zambarau altareni, na baadaye watu kwenye foleni ya kuungama. Kila kitu mle kanisani kilikuwa kimegeuzwa uso kumwelekea yule mdogo. Nani aliwahi kusimama kwenye foleni ile kuungama kwamba amekosewa? Yeye mwenyewe Dominika ile alikuwa ameyasoma maneno ya mkubwa haraka haraka, ili wafike kwenye nyimbo. Na sasa mtu mwenye ng'ombe, aliyesikia mara moja tu, alikuwa ameona zizi.

"Nilikuwa nimeposa," Nkwabi aliendelea, na sasa alisema na mdogo wake. "Unamjua. Ng'ombe walipopotea, kwao walingoja mwezi, wakangoja wa pili, wakamwoza kwa mtu wa Mwadui. Nimeoa mwaka jana, mzee hivi. Baba alikufa hajaona mjukuu. Na hakuwahi kusimama njiani kukungoja, nisikudanganye. Jina lako halikutajwa hapa. Ila ndama wakizaliwa alikuwa anasema, huyu jike asiuzwe. Hasemi ni wa nani. Tulikuwa tunajua."

Maganga alikuwa amepiga magoti bila mtu kuona alipiga saa ngapi.

"Kaka," alisema, "mimi sikuja kuchinjiwa."

Ng'ombe walisikika wakicheua.

"Kaburi la baba limeota majani," Nkwabi alisema mwishowe. "Mimi peke yangu siyamalizi." Akainuka akaenda kunawa. Hakula nao jioni ile. Alikula upande wa pili wa nyumba na mkewe.

Asubuhi alikuja na majembe mawili. Moja alilitupa chini mbele ya Maganga. Hakumpa mkononi. Walikwenda ukingoni mwa kaya, wakapalilia kaburi wakiwa wamepeana migongo. Athanas alitaka kusaidia, mama mzee akamshika shati. "Waache, baba."

Alikaa siku mbili nyingine, hana kazi, akizunguka minyaa. Mara akajiona mshindi kwa kuwa Maganga anaswaga ng'ombe nyuma ya kaka yake. Mara akaona hajui kinachoendelea kati ya watu wale wala hakimhusu. Siku ya kuondoka Nkwabi alimsindikiza hadi barabarani.

"Usiende kuwaambia watu wako kwamba nimesamehe," alisema. "Bado."

"Nitawaambia hivyo hivyo. Bado."

"Haya. Safari njema."

Maganga alibaki. Ikasikika baadaye kwamba anachunga, na kwamba ndugu wale wawili wanaongea habari za ng'ombe tu, lakini kwamba ng'ombe wenyewe ni wengi na habari zao haziishi.

Aliporudi Iponyamabwe, Athanas alibadilisha jambo moja. Alisoma kama kawaida kilichopangwa. Ibada ikiisha, badala ya kufunga, alitoa Agano Jipya akaliweka juu ya meza, akauliza: "Nani ana neno? Nani anatafuta kitu humu?" Mwanzoni walimwonea haya. Kisha wakaanza. Aliwasimulia swali la Nkwabi kuhusu ndama, na wachimbaji wakabishana nalo Jumapili tatu, wengine wakimtetea baba, wengine wakiapa kwamba hata wao hawangeingia ndani. Alipoulizwa asichokijua, alisema sijui. Mara ya kwanza masikio yalimwaka moto. Hakuna aliyecheka.

Padre Donatus alikuja mwezi wa sita. Watu walikwisha kumpelekea habari.

"Athanas, nasikia umeanzisha ibada ya pili baada ya ibada."

"Si ibada, padre. Ni maswali."

"Ule mpangilio haukuwekwa ovyo. Wewe ukichagua, utachagua unachokipenda. Mhubiri naye atachagua anachokipenda. Mwisho kila mtu na Biblia yake."

"Kweli, padre. Mimi mwenyewe hivyo ndivyo nilivyokuwa naogopa. Lakini miaka minne hapa hatukuwa na mpangilio. Tulikuwa na theluthi yake, na watu wakaishi humo wakidhani ndiyo yote."

Padre alivua miwani akaifuta. "Cha Mwaka A kipo parokiani," alisema. "Kipo kabatini tangu mwaka juzi. Nilikuwa nasubiri gari, kumbe mkoba ungetosha."



Wakati huo alikuwepo Sikujua, mjane aliyepika uji na maandazi karibu na maduara. Mwanawe wa pekee alikuwa amefukiwa na duara wiki mbili kabla. Asubuhi ya siku ile padre alipofika, alikuwa amemwuliza Athanas kama mle kitabuni imo habari ya mama aliyezika mtoto mmoja tu. Athanas aliijua: Luka, mjane wa Naini. Alifungua kitabu cha Mwaka C kutafuta siku yake, akaikuta. Ilikuwa Dominika iliyopita, na Dominika ile ilikuwa imechukuliwa na sikukuu ya Ekaristi. Isingesomwa mwaka huu. Mpaka miaka mitatu, na pengine hata hapo isiwe.

Alimwonyesha padre. Padre alisoma ule ukurasa, akasoma kalenda.

"Imerukwa," alisema.

"Naomba ruhusa nikamsomee leo."

"Leo ni Jumatano."

"Ndiyo, padre."

Walikwenda pamoja. Sikujua alifuta benchi kwa upande wa kanga, wakaketi, moshi wa kuni ukiwaingia machoni. Athanas hakusimama wala hakutoa ile sauti ya kanisani. Alisoma kama anayesoma barua. Mji, lango, watu wengi, mama mjane, jeneza. Bwana akamwona yule mama, akamwonea huruma, akamwambia asilie. Akalisogelea jeneza, akaligusa.

"Subiri," Sikujua alisema.

Athanas aliweka kidole kwenye mstari.

"Huyo kijana anafufuka, siyo?"

"Anafufuka."

"Wa kwangu hakufufuka." Alisema bila kulia, akichochea moto. "Rudi nyuma. Soma pale anapomwona mama. Ishia hapo."

Athanas alimtazama padre. Padre alikuwa anatazama moto.

Akarudi nyuma, akasoma mistari ile miwili, akaishia pale alipoambiwa.

"Tena," Sikujua alisema.